Presha ya Koki na Safari ya Milimani

Maji yakitoka bombani, hakuna anayemkumbuka Koki. Yakikatika, jina lake linaitwa kutoka kila dirisha.

Koki alikuwa fundi bomba wa jengo la ghorofa nne. Yeye na mkewe waliishi chini kabisa, kwenye chumba cha mwisho, karibu na pampu. Tangi la maji lilikuwa juu ya paa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha maji yanapanda hadi juu, na yeye mwenyewe alipanda na kushuka kutwa nzima na mfuko wake wa spana. Jina alilopewa na wazazi wake watu walikuwa wamelisahau. Hata mkewe alimwita Koki, hasa akikasirika.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule mle mle chumbani, kando ya dirisha. Basi nyumba ilikuwa na mafundi wawili, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake hajui kupima.

Koki alikuwa na ugonjwa wa presha. Kila asubuhi, baada ya chai, alimeza kidonge kimoja alichopewa na daktari wa zahanati. Chumvi aliipunguza pia, kwa manung'uniko mengi. Maisha yakaendelea.

Siku moja ikaja habari njema. Binti yao wa pekee, aliyeolewa katika mji wa milimani, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Huyo ndiye mjukuu wao wa kwanza. Simu ilimkuta Koki amelala chini ya sinki la jirani. Aliinuka kwa furaha, akajigonga kichwa, na bado akacheka.

"Baba, huku ni baridi," binti alisema. "Maji ya bomba yanakata mikono. Nachemsha maji kutwa ili nimwogeshe mtoto. Ile hita ya maji uliyotuma imefika, lakini iko bado kwenye boksi. Nimwite fundi wa huku?"

"Asiguse mtu bomba lako," Koki alisema. "Nakuja mwenyewe."

Binti huyo ndiye aliyekuwa akimshikia tochi tangu akiwa mdogo, wakati watoto wenzake wanacheza nje. Alizijua spana kabla ya kujua herufi. Koki alimpenda kupita kiasi, na mapenzi hayo hakuyaficha.

Mkwe wake naye akamtumia zawadi. Ilikuwa mashine ndogo ya kupimia presha, yenye mkanda wa kufunga mkononi. Mkwe alisema, "Baba ajiangalie kabla ya safari." Nia ilikuwa nzuri, lakini matatizo yalianzia hapo.

Sababu ni hii. Fundi bomba hapimi bomba lililolala. Anawasha pampu, anafunga koki zote, maji yanasukumana ndani, ndipo anaitazama geji, yaani kipimo cha presha ya maji. Bomba likistahimili hapo, litastahimili siku zote. Koki alifanya hivyo tangu ujana wake, na hakuona kwa nini mwili wake upimwe kwa njia nyingine.

Basi akabeba mfuko wa spana, akapanda ngazi mbio hadi kwenye paa. Akafunga mkanda mkononi, huku amesimama na kuhema. Akabonyeza kitufe.

Namba ya juu ikasomeka mia moja themanini na tano.

"Hii mashine ina utani," alisema. Kesho yake akapanda tena, mbio zaidi, ili apate uhakika. Namba ikawa ile ile, na zaidi kidogo.

Koki akaketi juu ya kifuniko cha tangi, akawaza. Ghorofa nne tu zinampeleka huko. Mlima mzima utamfikisha wapi? Alikuwa ameona mabomba mengi yakipasuka maishani mwake. Bomba likipasuka, halitoi taarifa. Alijiona yuko njiani kwenda kwa mwanawe, mfuko wa spana mapajani, na ndani yake kitu kinapasuka.

Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mwenye maradhi ndiye wa mwisho kuikumbuka methali hiyo. Akaacha kupanda ngazi. Tangi akawa analikagua kwa macho kutoka chini. Kidonge kimoja alikimeza mbele ya mkewe, baada ya chai. Cha pili alikimeza peke yake, nyuma ya pampu.

Kisha akampigia simu binti yake. "Mama yangu, mwite tu fundi wa huko. Mimi sitakuja."

"Sawa, Baba," binti alisema, kwa sauti ya mtu anayezuia machozi.

Mkewe alisikia yote. Akasimamisha cherehani. "Koki. Wewe umruhusu fundi mwingine aguse bomba la mwanao? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Unaumwa wapi?"

Koki akainuka haraka kwenye kigoda ili alikimbie swali hilo. Hakufika mbali. Chumba kikazunguka, miguu ikamlegea, akaketi bila kupenda ndani ya kapu la sare za shule. Mkewe hakucheka. Alimshika bega kwa mkono mmoja, akafungua dirisha kwa mkono mwingine, na kumwita Sista.

Sista alikuwa muuguzi wa zahanati. Aliishi ghorofa ya pili, na umri wake ulikuwa kama wa binti yao. Alishuka na kipimo chake mkononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeketi tu hapa napumzika."

"Kwenye kapu?" Sista aliuliza.

Wakamlaza kitandani na kumwekea mto chini ya miguu. Sista akampima. Namba ya juu ilikuwa tisini na nane.

"Imeshuka sana," Sista alisema.

"Kipimo chako kibovu," Koki alijibu akiwa amefumba macho. "Mimi niko mia moja themanini na tano. Nimejipima mwenyewe."

"Ulijipima vipi?"

Koki akaeleza. Alieleza ngazi, mbio, mfuko wa spana na paa. Alieleza kwa fahari, kama fundi anayemfundisha mwanafunzi. Sista akamtazama mke wa Koki.

"Mimi nikimpima mteja, namwambia atulie," mkewe alisema. "Ungekuja kwangu unahema hivyo nikupime kifua, hilo shati lingemfaa mtu mwingine kabisa."

"Na dawa, Baba?" Sista aliuliza. "Leo umemeza vidonge vingapi?"

Koki akatazama dari. "Viwili," alisema mwishowe. "Siku ya tatu leo."

Mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Ulitaka kuniacha mjane kwa sababu ya kuona haya kuuliza swali? Sista yuko hapo juu tu. Tunamsikia akifungua mlango wake."

"Nilitaka ishuke upesi," Koki alisema. "Nilitaka nikamwone mtoto."

Hapo hakuna aliyemgombeza tena.

Sista alimpigia daktari simu. Daktari alisema Koki abaki amelala, anywe maji, na apimwe kila baada ya muda. Ikizidi kushuka, aletwe mara moja. Haikuzidi. Kufikia alasiri alikuwa anaongea kwa kasi yake ya kawaida, na mkewe akajua amepona.

"Sasa nisikilize, Baba," Sista alisema, akivuta kigoda. "Ukipanda ngazi, misuli ya miguu inataka nini?"

"Nguvu."

"Inataka damu, kwa sababu damu ndiyo inayobeba oksijeni tunayoivuta kwenye hewa. Kwa hiyo moyo unapiga haraka, na kwa nguvu zaidi. Namba ya juu inaonyesha presha wakati moyo unaposukuma. Ukifanya mazoezi, lazima ipande. Kwangu inapanda. Kwa mwanariadha inapanda pia."

"Na mabomba hayapasuki?"

"Mabomba yako ni ya plastiki. Hayana habari na kinachoendelea. Mishipa ya damu iko hai, na kuta zake zina misuli. Ukipanda ngazi, mishipa ya miguuni inatanuka ili ipitishe damu nyingi. Ya tumboni inajibana kwa muda, maana tumbo linaweza kusubiri."

Koki akainua kichwa kwenye mto. "Kama kufunga maji ya bustani ili jikoni yafike."

"Umenena. Ndiyo maana namba ya chini haipandi sana. Hiyo ni presha ya wakati moyo unapopumzika, kati ya pigo moja na lingine."

"Lakini nani anafunga na kufungua?"

Sista akagusa upande wa shingo yake mwenyewe, taratibu. "Hapa ndani ya mshipa kuna vipimo vidogo. Vingine viko kwenye mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Mshipa ukivutika sana au kulegea, vipimo hivyo vinapeleka habari kwenye ubongo. Ubongo unauambia moyo ongeza au punguza. Unaiambia mishipa tanuka au jibane. Hata ukiinuka tu kitandani, kazi hiyo inafanyika kabla hujavaa viatu."

Jambo hilo lilimpendeza Koki. "Kwa hiyo ndani yangu mna fundi bomba."

"Yumo. Hapumziki, na halipwi."

"Wala halalamiki," mkewe aliongeza.

"Leo ulipoinuka ghafla, huyo fundi alijitahidi," Sista alisema. "Lakini dawa ilikuwa imezidi. Mishipa ililegea mno, damu ikabaki miguuni, kichwa kikakosa. Dawa ya presha haiongezwi wala haiachwi bila daktari. Hata ukijisikia mzima kabisa."

"Nimeelewa," Koki alisema, na kweli alikuwa ameelewa, kwa sababu hakuongeza neno.

Kisha Sista akamfundisha kupima. "Usipime baada ya ngazi, kahawa wala sigara. Acha nusu saa ipite. Nenda haja kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili zikanyage chini. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo. Tulia dakika tano, ndipo ubonyeze kitufe. Na usiongee."

"Nisiongee na nani?"

"Na mtu yeyote."

Mkewe alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitambaa cha sare. Tangu waoane, Koki hakuwahi kunyamaza dakika tano. Chini ya sinki alikuwa akiongea na sinki.

Sista alifunga mkoba wake. Alikuwa amefika mlangoni Koki aliposema, kwa sauti ndogo, "Na mlima je?"

Hilo ndilo swali alilokuwa nalo tangu mwanzo. Sista alilijua, akarudi kwenye kigoda.

"Kule juu hewa ni nyepesi. Kila pumzi ina oksijeni kidogo kuliko huku chini. Mwili unagundua haraka. Unapumua zaidi, na moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa. Mishipa mingi inajibana kidogo, na presha inaweza kupanda kiasi, hasa siku za kwanza. Kisha mwili unaanza kuzoea. Taratibu unatengeneza chembe nyekundu za damu zaidi, ili zibebe ile oksijeni kidogo iliyopo. Na kwa watu wengi presha inatulia."

"Kwa hiyo nisiende."

"Sijasema hivyo. Mwenye presha iliyodhibitiwa vizuri mara nyingi anaweza kwenda kwenye mji kama ule, akipata ruhusa ya daktari. Jipime kwa wiki moja, asubuhi na jioni, ukiwa umetulia. Umpelekee daktari hizo namba. Yeye ndiye atakayesema."

Wiki hiyo ilikuwa ngumu kwa Koki kuliko kuzibua bomba la jengo zima. Asubuhi na jioni aliketi mezani, mkono usawa wa moyo, midomo imefungwa. Mkewe alipunguza mwendo wa cherehani ili ausikilize ule ukimya. Namba zikawa nzuri. Daktari alizisoma, akampima mwenyewe, akasikiliza moyo wake. Kisha akasema Koki aendelee na kidonge kimoja kila siku, na aende.

"Ila pandeni kidogo kidogo," daktari alisema. "Laleni njiani usiku mmoja. Mkifika, siku mbili za kwanza usifanye kazi nzito. Kunywa maji, acha pombe, na dawa zako ziwe mkononi, zisiwe kwenye mizigo. Ukipata maumivu ya kifua, kichwa kuuma sana, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi ukiwa umekaa, usingoje kesho. Nenda hospitali, na ushushwe kutoka mlimani."

Zilibaki wiki chache kabla ya safari. Daktari alimruhusu pia kufanya mazoezi, kwa kuwa presha yake ilikuwa imetulia. Alisema mazoezi ya kila siku huushusha wastani wa presha, hata kama huipandisha wakati wa mazoezi yenyewe. Basi kila jioni Koki na mkewe walitembea, wakalizunguka jengo, wakafika sokoni, wakarudi. Walianza polepole. Mwishoni pia walipunguza mwendo, maana ukisimama ghafla damu hubaki miguuni na kichwa huzunguka.

"Kipimo cha mwendo ni hiki," Sista aliwaambia. "Uweze kutembea na kuongea. Ukishindwa kuongea, umezidisha."

"Kama ni kuongea, hapo tumefaulu," mkewe alisema.

Ngazi za paa nazo Koki alizirudia. Sasa alipanda hatua kwa hatua, akapumzika kila ghorofa na kuwasalimu majirani. Aligundua kwamba kwa miaka yote alikuwa akiwapita bila kuwaona.

Siku ya safari ikafika. Walilala njiani kwa dada yake mkewe, kisha wakapanda. Barabara ilizunguka na kuzunguka. Masikio yakaziba, yakazibuka. Walipofika, binti alikuwa mlangoni, amevaa sweta mbili. Koki alishuka kwenye gari, akataka kukimbia, akakumbuka. Akatembea. Hata hivyo moyo wake ulikwenda mbio. Sababu moja ilikuwa hewa, na nyingine ilikuwa yule mtoto.

"Iko wapi hita?" aliuliza, kabla hajamaliza kumkumbatia mwanawe.

"Ipo," mkewe alijibu badala ya binti. "Na spana zinalala na mimi. Keshokutwa utazipata."

Polepole ndio mwendo. Jioni ya kwanza Koki alijipima ametulia. Namba ilikuwa juu kidogo kuliko ya nyumbani. Binti akaingiwa na hofu, akampigia Sista simu. Sista akauliza, "Anaumwa kichwa? Kifua? Anapumua vizuri akiwa amekaa?" Koki alikuwa mzima, ila alichoka haraka kwenye ngazi za baraza. "Basi aendelee na dawa, apumzike, apime tena asubuhi. Ikizidi kupanda, aende hospitali."

"Fundi wangu wa ndani anazoea mtaa mpya," Koki alimweleza mjukuu wake. Mjukuu alipiga chafya.

Asubuhi namba ilikuwa imeshuka kidogo. Asubuhi iliyofuata ikashuka tena. Siku ya tatu mkewe alitoa mfuko wa spana chini ya godoro na kumkabidhi.

Koki alifanya kazi kwa utaratibu. Alikata bomba, akaunga, akapumzika, akaendelea. Binti alimshikia tochi, ingawa ilikuwa mchana na mwanga ulitosha. Hakuna aliyesema kwamba tochi haihitajiki. Mwisho Koki akafunga koki zote, akafungulia maji, akaitazama geji. Bomba lake likastahimili.

"Bomba napima likiwa kazini," alisema, akijifuta mikono. "Mimi nitapimwa nikishatulia."

Alikaa nusu saa akinywa maji na kusimulia kila kiungo alichofunga. Kisha akavuta kiti chenye mgongo karibu na meza. Nyayo zikakanyaga chini. Mkono ukakaa usawa wa moyo. Akanyamaza.

Chumba cha pili, binti alifungua bomba. Koki aliyasikia maji yakitiririka kwenye beseni. Alisikia binti akiyachanganya na kuyajaribu kwa kiwiko. Alimsikia mtoto akiingizwa majini, akangoja kilio cha kila siku cha wakati wa kuoga. Kilio hakikuja. Ukaja mlio mdogo, wa mtu aliyeridhika na maisha.

"Baba," binti aliita, "unasikia? Halii. Halii kabisa."

Koki aliinua kidole kimoja na kukishusha. Midomo yake ilitetemeka, lakini haikufunguka. Mkewe alisimama mlangoni akimtazama, na alikuwa na utani tayari mdomoni. Aliyaona macho ya mumewe, akaumeza.

Mashine ikanguruma, ikakaza mkanda, ikalegeza. Mia moja ishirini na nane. Mkewe akamfungua mkanda mkononi.

Binti alikuja na mtoto amefungwa taulo, mashavu yenye joto, ananukia sabuni. Dakika tano zilikuwa zimekwisha, na Koki alikuwa na mengi ya kusema kuhusu hita, mabomba na mlima. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipeni mjukuu wangu," alisema.